Ndizi za Mwalimu Gozbert

Mwalimu Gozbert, Mhaya mstaafu wa Kinyerezi, alipoambiwa kliniki kwamba ana kisukari na apunguze wanga, hakubisha. Siku hiyohiyo aliacha ugali na wali. Kila alfajiri akawa anatembea saa nzima, mvua inyeshe isinyeshe. Baada ya miezi mitatu kipimo kilionyesha kumi na nne, palepale kilipoanzia.

“Kwani mwalimu unakulaga nini?” nesi aliuliza.

“Ndizi. Sufuria nzima, na maharage. Mchana na jioni.”

“Ndizi nazo ni wanga, mwalimu.”

Alimtazama kama mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi.

“Wanga ni ugali,” alisema. “Ndizi ni chakula.”

Hata hivyo alitii, kwa sababu kipimo alikiona kwa macho yake. Siku hizi anakula samaki, mchicha na parachichi, na matembezi hajayaacha. Sukari imeshuka hadi saba.

Juzi jioni alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sahani yake ya samaki, dada yake akapiga simu kutoka Bukoba, akamuuliza kama ameshakula.

“Bado,” alijibu mwalimu.