Futi Mbili Chini ya Barabara

Jambo la kwanza nililoligundua kuhusu Dhanmattie Persram ni kwamba aliondoka harusini wakati chakula ndiyo kwanza kinapakuliwa. Ilikuwa Jumapili mchana, kwa jirani yake hapa La Constance, nasi tulikuwa tumeketi mstari mrefu, kila mtu na jani la yungiyungi mbele yake, tukingoja wali na michuzi saba. Mama mmoja mfupi, mwenye sari ya rangi ya dhahabu, alitazama saa yake, akalikunja jani likiwa na mchuzi mmoja tu, akavua viatu vya kumetameta na kuvaa mabuti ya mpira yaliyokuwa chini ya benchi.

"Anti Dhano! Hata boga hujaonja!" mpakuaji alilalamika.

"Niwekee. Bahari haikualikwa harusini, haitanisubiri."

Akaenda zake kando ya mtaro, sari ameipandisha hadi magotini.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa lango la maji. Pwani yetu ya Guyana iko chini ya bahari inapojaa. Maji yakipwa, Anti Dhano huzungusha mkono wa chuma, mnyororo hulipandisha lango zito la mbao, na mtaro mkuu humwaga baharini mvua yote iliyonyesha mashambani. Maji yakianza kujaa, hulishusha. Hufanya hivyo kila maji yanapopwa, na saa za kupwa hubadilika kila siku, kwa hiyo hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona akila chakula chote kwa kikao kimoja.

Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nimalize chuo kikuu, nimeajiriwa na mkandarasi wa barabara mpya ya njia nne. Tangu mafuta yaanze kuchimbwa baharini, nchi yetu ndogo imekuwa kama nyumba inayohamiwa: kila mahali ni mchanga, nondo na malori. Barabara yetu ilikatiza mtaro wa La Constance; nyumba, shule na mashamba ya mpunga yakabaki upande mmoja, lango la Anti Dhano upande wa pili. Ili maji yapite, tulijenga kalavati la zege chini ya tuta.

Mwezi wa kwanza mvua ilinyesha siku mbili, na uwanja wa shule ukashika maji siku sita. Lawama zote zilimwangukia mlinzi wa lango.

"Dhano, siku hizi unalala lango likiwa limefungwa?" Inez, mwenye mgahawa wa karibu na shule, alimrushia maneno mbele ya wateja. "Au na wewe umepata kazi ya mafuta hujatuambia?"

"Ningepata kazi ya mafuta nisingekula kwako," Anti Dhano alimjibu.

Watu walicheka, lakini juma hilohilo halmashauri ya kijiji ilimwandikia barua: mvua kubwa za mwezi wa tano zikileta mafuriko tena, lango litapewa mtu mwingine.

Mwanawe Navin, anayefanya kazi kwenye bandari ya meli za mafuta, aliisoma barua hiyo na kufurahi. "Ma, wachukue lango lao. Nchi ina mafuta, wewe utavuta mnyororo hadi lini? Njoo ukae kwangu mjini."

"Mafuta yenu yako mbali huko baharini, beta, mwanangu. Maji yako hapa, kwenye madawati ya watoto. Nikiondoka sasa, watasema nilikimbia. Na hawatajua kosa liko wapi."

Maana yeye alikwishajua. Zamani alipofungua lango, mtaro ulikimbia kwa muda wa saa tatu. Sasa ulikimbia saa moja tu. Alitembea kandokando yake hadi barabarani, akaingia ndani ya kalavati na kuona jambo lililomsumbua: uso wa tope la mtaroni na sakafu ya zege vilikuwa sawasawa, kama meza mbili zilizounganishwa. Tope lile lilikuwa la miaka miwili. Kama sakafu ingekuwa imewekwa kwenye kitako halisi cha mtaro, ingekuwa imezikwa kabisa.

Alikuja ofisini kwetu akiwa na mabuti yake. Mhandisi wa mradi, Bwana Trotman, alimpa kiti na kumfungulia ramani.

"Mama Persram, ramani inasema sakafu iko sawa na kitako cha mtaro. Maji yanazuiwa na tope. Mwezi wa nne katapila litasafisha mtaro, mambo yatakwisha."

"Tope litaondoka. Zege litaondoka? Hiyo ramani yako imewahi kuingia mtaroni?"

Msimamizi wa vibarua aliangua kicheko. "Anti, sisi tunajenga nchi. Wewe unafungua mlango tu!"

"Nchi unayoijenga iko chini ya bahari, baba. Siku nikiusahau huo mlango, utakuja kazini na mtumbwi."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Mwaka uliotangulia, mtaro ulipopimwa, mimi niliyekuwa mafunzoni ndiye niliyeshika ile fimbo ya vipimo. Niliisimamisha palipokuwa pagumu, nikasoma namba, nikasonga mbele. Siku ile ofisini niliinamia ramani, na usiku sikupata usingizi mzuri.

Kesho yake nilimfuata langoni. Alikuwa akipaka mnyororo grisi.

"Fimbo yako ilisimama wapi, beti, binti yangu?" aliuliza nilipokwisha kujieleza.

"Juu ya tope, Anti. Lilikuwa limekauka juu. Nilidhani ndicho kitako."

"Mwaka ule katapila la kusafisha mtaro lilikodishwa na nyinyi wenyewe. Likaenda kubeba mchanga wenu." Alijifuta mikono taratibu. "Utayasema haya mbele ya Trotman?"

"Nitasema."

"Vizuri. Lakini atasema mtoto amechanganyikiwa. Tukate mianzi kwanza."

Barabara ilikuwa iwekwe lami mwishoni mwa mwezi wa tatu na kufunguliwa tarehe thelathini ya mwezi wa nne, na wageni wakubwa walikuwa wamealikwa. Anti Dhano alijua kwamba baada ya lami hakuna atakayekubali kuvunja chochote. Kwa hiyo siku ya bamvua, maji yalipopwa kabisa, aliita wanawake sita, Inez akiwa mmoja wao, wakaingia mtaroni na mianzi kumi na miwili niliyoichora alama za futi. Waliisukuma mmoja mmoja, kutoka langoni hadi mdomoni mwa kalavati, mpaka ilipogota kwenye udongo mgumu. Pale uso wa tope ulipofika, walifunga kitambaa chekundu; alama zilionyesha zaidi ya futi mbili za tope chini yake.

"Dhano kahamishia jhandi mtaroni!" alipiga kelele mzee mmoja aliyekuwa ukingoni, maana mianzi yenye vitambaa kwetu husimikwa uani baada ya sala.

"Njoo basi uisomee!" Inez alimjibu, tope limemfika kiunoni.

Bwana Trotman alikuja na viatu vyake vya ofisini. Alitazama mstari ule wa vitambaa, akatikisa kichwa. "Mama, huenda mmekuta mashimo."

"Chagua pa kuchomeka mwenyewe, mwanangu. Mwanzi huu hapa."

Alichagua hatua moja tu mbele ya zege. Alishuka, akaegemea mwanzi kwa nguvu, ukazama. Na yeye akazama nao hadi mapajani. Wanawake walimvuta kwa pamoja huku wakihesabu kama wanavuta jahazi. Yeye alitoka, kiatu kimoja kikabaki.

"Hicho nacho kiandikwe kwenye ramani," alisema Inez.

Trotman hakukasirika. Alikaa ukingoni, akaomba futi ya kupimia, akapima mwanzi kutoka usawa wa sakafu ya zege hadi ncha iliyogusa udongo mgumu. Futi mbili na inchi moja. Hapo nilisogea na kumweleza kuhusu fimbo.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, bwana."

Alifuta tope kwenye ile futi. "Na aliyesaini bila kushuka mtaroni ni mimi." Kisha akamgeukia Anti Dhano. "Unajua maana ya kuvunja? Sherehe itaahirishwa. Nitaambiwa nimeaibisha mradi."

"Wageni watapita juu siku moja. Maji yatapita chini miaka hamsini. Wewe andika barua, mimi nitakuja kila siku kuuliza majibu."

Alikuja kweli. Kwa siku kumi na mbili, mara tu baada ya kushusha lango, aliingia ofisini na mwanzi wake wenye alama, akausimamisha pembeni ya meza ya Trotman, akaketi. Hakugomba. Siku ya tano msimamizi alianza kumwekea chai. Siku ya kumi na tatu jibu lilitoka makao makuu, na asubuhi iliyofuata mashine za kuvunja zege zilianza kunguruma.

Kalavati jipya limekaa futi mbili chini zaidi. Safari hii nilishika fimbo juu ya udongo mgumu, na Anti Dhano alisimama kando yangu na kuipiga kiganja mara tatu kabla ya kuniruhusu nisome. Katapila limesafisha mtaro. Sherehe ya barabara imesogezwa hadi mwezi wa sita. Lakini barua ya halmashauri haijafutwa. Mwenyekiti amesema atangoja aone mvua za mwezi huu wa tano.

Navin ameomba ruhusa kazini, yupo hapa tangu juzi. "Ma, isiponyesha mwezi huu?"

"Shika mnyororo, acha kuisema vibaya mvua."

Leo maji yatapwa saa nane na dakika ishirini mchana. Shule imefunga madirisha mapema, na Inez ameinua magunia yake ya mchele juu ya meza. Trotman ameegesha gari juu ya tuta, kioo ameteremsha. Mawingu yamejaa juu ya mashamba ya mpunga, meusi, yametulia. Nimeshika saa mkononi nipime kama mtaro utakimbia saa tatu nzima, na Anti Dhano ameshika mkono wa chuma, uso ameuelekeza juu, anangoja tone la kwanza.