Mfalme wa Ufaransa kwenye Lifti ya Huduma

Nilifundisha historia kwa miaka kumi na mmoja katika shule moja ya bara, Kenya, kabla sijaja Dubai kuwa mlinzi, na jambo hilo nilihakikisha kila mtu analijua. Wageni walipofika kambini Jebel Ali, tunakolala, kabla hawajauliza choo kiko wapi walikuwa wameshaambiwa kwamba mimi si mlinzi hivi hivi, mimi ni mwalimu. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Ukishavalishwa sare yenye namba badala ya jina, unang'ang'ania chochote ulichobaki nacho.

Lindo letu lilikuwa jengo la makazi lenye ghorofa thelathini na nane, kule Jumeirah Lake Towers. Lifti zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za mbele, zenye vioo na harufu ya udi, na hizo ni za wakazi na wageni wao. Ya nne ilikuwa ya huduma, nyuma kabisa, karibu na chumba cha taka, na huko ndiko walikopanda wasafishaji, mafundi, mayaya, na wanaume wa pikipiki wanaoleta chakula. Mlinzi wa lifti alisimama katikati na kadi yake kuhakikisha hakuna anayekosea njia. Mimi nilikaa kwenye meza ya mapokezi, na mlinzi wa lifti zamu ya mchana alikuwa dada mmoja Mtanzania kutoka Singida.

Dada huyu alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa msemaji. Nilimjua mwaka mzima bila kujua kwamba anasoma. Siku moja akanijia mezani akanieleza kama anayetoa taarifa ya bomba lililopasuka. Aliacha shule kidato cha tano mama yake alipofariki, akalea wadogo zake. Alipomaliza kuwalea alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani wa kidato cha sita, akapita Kiswahili na Jiografia, akaanguka Historia. Sasa alikuwa amejiandikisha kuurudia mtihani huo mwezi wa tano. Likizo yetu ni moja kila baada ya miaka miwili, na yake alikuwa ameiomba iangukie siku hizo hizo.

"Nikikosa safari hii, mwalimu, nasubiri tena miaka miwili," akasema. "Nitakuwa bibi."

"Unataka cheti ukifanyie nini?"

"Nataka kusoma ualimu."

Nilicheka, tena kicheko kibaya. Nikamwambia anitazame vizuri, ualimu ndio huu hapa, umekaa mezani unafungulia watu mlango. Hakununa. Aliniuliza tu kama Ijumaa nina nafasi.

Basi Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, tulikuwa tunaenda ibada ya kanisa Oud Metha, maana huku makanisa nayo hukutana Ijumaa, na ibada ikiisha tunaingia kwenye mkahawa mmoja wa Wahindi, tunaagiza chai ya karak, tunafungua daftari. Mada iliyomwangusha ilikuwa mapinduzi ya Ufaransa: jinsi ukosefu wa usawa ulivyoung'oa ufalme. Mada hiyo mimi nilikuwa naijua kama ninavyoujua mfuko wangu. Nikaanza kwa mbwembwe. Tabaka la kwanza, makasisi. Tabaka la pili, makabaila. Tabaka la tatu, watu wengine wote, kuanzia wakili hadi mkulima, na hao ndio waliobeba mzigo wa kodi huku wakubwa wakisamehewa. Ili aelewe haraka nikamwambia achukulie kwamba makasisi wana lifti yao, makabaila wana yao, na taifa zima lililobaki limebanwa kwenye lifti ya huduma.

Akafikiri kidogo. "Ila mkate nao unapanda na lifti ya huduma," akasema.

Nilipofika kwenye kisa cha ukumbi, akaanza kunisumbua. Wajumbe wa tabaka la tatu wamefika asubuhi kwenye mkutano mkuu wa matabaka yote ulioitishwa na mfalme, wanakuta mlango umefungwa na askari wamesimama. Wajumbe wanaenda kwenye ukumbi wa jirani wa kuchezea mpira, wanaapa hawatatawanyika mpaka nchi ipate katiba. Mimi nataka twende kwenye kiapo, yeye amebaki mlangoni.

"Hao askari walikuwa tabaka gani?"

"La tatu, wengi wao."

"Walielezwa kwa nini wafunge?"

"Dada, mtihani hauulizi habari za mabawabu!"

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Katika miaka yangu kumi na mmoja hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali lile, na badala ya kulifurahia nililionea hasira, kwa sababu halikuwamo kwenye vitabu vyangu.

Kitu kimoja tu kilimchekesha. Walimu wa historia tunapenda kusimulia kwamba mfalme yule alikuwa na daftari la mawindo, na siku watu wa Paris walipoliteka gereza kuu la jiji, aliandika humo neno moja: hakuna. Alimaanisha hakupata mnyama. Lakini watu wakashika neno hilo tangu hapo, kwamba nchi inawaka moto na mwenyewe anaandika hakuna.

Dada alicheka mpaka mhudumu akageuka. "Kumbe naye alikuwa anajaza kama sisi!"

Alimaanisha kitabu cha matukio. Kila mlinzi anakijaza: saa, mahali, lililoonekana, hatua iliyochukuliwa, na mwisho wa zamu kila mmoja wetu anafunga kwa maneno yale yale, hali ni shwari. Hata kama umepigiwa kelele na madam wa ghorofa ya thelathini, hata kama miguu imevimba, hali ni shwari. Mimi nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina la baba yangu.

Mwezi wa nne ulipoanza nikampa jaribio. Insha moja, saa moja, swali lile lile la tofauti za kitabaka na kuanguka kwa ufalme. Aliponipa karatasi nilidhani ananitania. Alikuwa ameandika hivi:

"Mahali: Ufaransa. Lililoonekana: watu wa tabaka la tatu walionekana wengi nje ya ukumbi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa amri. Askari wa zamu hawakuelezwa sababu. Watu hawakuondoka. Mkate ulikuwa haba. Wanawake walionekana wakitembea kwenda ikulu, mvua ikinyesha. Hatua iliyochukuliwa: mfalme alichelewa kuchukua hatua. Baadhi ya askari walijiunga na watu. Mfalme ameondolewa. Hali ni shwari."

Nilimwakia pale pale, mbele ya vikombe vya chai. Nikamuuliza hii ni insha au ni ripoti ya mtu aliyekwama kwenye lifti. Utangulizi uko wapi? Hoja ziko wapi? Nikampa mbili kati ya ishirini na tano, na mbili zenyewe, nikamwambia, ni za mwandiko.

"Nimeandika hivi miaka mitatu, mwalimu, saa kumi na mbili kwa siku," akasema polepole. "Mkono ndivyo ulivyozoea."

Nilipanda metro kurudi Jebel Ali nimejaa hasira, nikiwa na uhakika kwamba ataanguka tena.

Wiki mbili kabla ya safari yake, Jumanne asubuhi, lifti ya huduma ikafa. Fundi akaja, akafungua, akasema kifaa hakipo, labda kesho, inshallah. Meneja wa jengo akapiga simu mezani akiwa njiani: wafanyakazi watumie ngazi, lifti za mbele ni za wakazi tu, khalas, hakuna mjadala. Nikamfikishia dada amri. Ngazi zile za dharura hazina kiyoyozi, na nje jua lilikuwa limeshaanza ukali wake.

Nilimwona anafungua kitabu. Kila aliyefika alimwelekeza kwenye ngazi, kisha akaandika. Sikujua anaandika nini, nilifurahi tu kwamba anatii. Kampuni yetu ilikuwa na sheria moja ambayo kila mtu aliijua: barua moja ya onyo, likizo inafutwa. Nilimpitia mara mbili nikamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, wiki mbili tu. Usijiharibie."

"Nimesikia, mwalimu."

Saa nane hivi ikaja zamu ya mama mmoja Mganda, msafishaji, mtu mzima, magoti yake mabovu na jengo zima linajua. Alikuwa na ndoo mbili, anaenda ghorofa ya ishirini na sita. Alikuwa ameshapanda mara moja asubuhi. Akausogelea mlango wa ngazi, akaushika, akasimama hivyo bila kuufungua.

Dada akamtazama. Halafu akanitazama mimi, na mimi, mwalimu wa mapinduzi, nikatikisa kichwa kumkataza. Natamani niseme nilikuwa namlinda tu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na niliogopea na kazi yangu pia.

Akachukua zile ndoo, akaziingiza kwenye lifti ya mbele. Akamshika mama mkono, akamwingiza. Akagusa kadi yake, akabonyeza ishirini na sita. Mkazi mmoja aliyekuwa humo akasogea kando kuwapisha. Mlango ukajifunga, dada akarudi kwenye kitabu chake akaandika.

Meneja alifika saa kumi na kuomba kitabu. Nilikipeleka mwenyewe, na njiani macho yangu yakaanguka kwenye kurasa. Zilikuwa tatu, zimejaa. Saa tatu na dakika tano, msafishaji, amepanda kwa miguu hadi ya kumi na tisa, amerudi baada ya dakika thelathini na mbili, amekaa chini. Saa nne na robo, mleta chakula, amepanda hadi ya thelathini na tatu, mkazi amelalamika chakula kimepoa. Saa tano kasoro, yaya na mtoto wa mkazi, yaya amepanda ngazi, mtoto amepandishwa lifti na mlinzi, mtoto amelia. Mtu baada ya mtu, bila neno moja la uchungu. Na chini kabisa: "Saa nane na dakika kumi, msafishaji ameshindwa kupanda. Mlinzi wa lifti amemruhusu lifti ya mbele kinyume cha amri." Halafu namba yake mwenyewe. Mahali pa maneno yale tuliyoyazoea sote, aliandika: "Hali si shwari."

Meneja alisoma kurasa zote amesimama.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi, sir," dada akajibu.

Meneja akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeletewa kila jioni kitabu kinachosema hali ni shwari, na wanaoandika ni sisi. Alisoma tena, akakifunga.

"Lifti namba tatu ni ya wote mpaka ile itengenezwe," akasema. "Na wewe, siku nyingine nipigie mimi kwanza." Basi. Barua haikuja, siku hiyo wala siku zilizofuata, ingawa mimi sikulala vizuri mpaka nilipoona tiketi yake.

Usiku ule nilitoa ile insha yake niliyoipa mbili. Niliisoma kitandani, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona darasani. Kabla ya mapinduzi, mfalme mwenyewe aliwaambia watu wa kila mahali waandike malalamiko yao yaletwe mkutanoni, na waliandika, vijiji kwa vijiji, mambo madogo madogo ya kila siku: kodi hii, ada ile, njiwa wa kabaila wanaokula mbegu shambani. Nilikuwa nimeyafundisha hayo miaka yote kama hoja namba nne. Huyu dada alikuwa ameyafanya, kwa kalamu ya kampuni, akijua anachoweza kupoteza.

Ijumaa ya mwisho nilimwomba radhi. Akaniambia niache, karak inapoa. Nikamwambia asibadilishe mkono wake. "Andika kama ulivyoandika Jumanne. Kila ukimaliza sentensi, ongeza: kwa sababu. Halafu jibu." Akaanza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa amri, kwa sababu mfalme aliogopa kura zikihesabiwa kwa vichwa, si kwa matabaka, wengi watawashinda wachache. Baadhi ya askari walijiunga na watu, kwa sababu waliokuwa nje ya mlango walikuwa ndugu zao. Kalamu haikusimama mpaka karatasi ikaisha. Nilikaa namtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii sikuona kwamba miaka yangu kumi na mmoja ilipotea.

Alienda akafanya mtihani, akarudi, akasimama tena pale pale kwenye lifti. Mwezi wa saba matokeo yalitoka siku aliyokuwa mapumziko, mimi nikiwa mezani. Simu ikatetemeka mfukoni. Sheria inakataza, nikaitoa.

"Mwalimu," akasema. Nikasikia anavuta pumzi. "Mwalimu, Historia, B."

Machozi yalinitoka nikiwa na sare, na kofia, na namba yangu kifuani. Mkazi mmoja wa ghorofa za juu, mzee ambaye kila siku hunipita bila kunitazama, alikuwa anasubiri lifti. Akageuka.

"Everything okay, security?"

Miaka yote jibu ni moja, na ulimi wangu unalijua. Nilisimama, nikajifuta uso.

"Sir," nikamwambia, "mwanafunzi wangu amefaulu."