Redio Niliyoificha Kwenye Pamba

Nakumbuka alasiri moja, mjukuu wangu Kabula, nilipoificha redio ya kaseti ya kaka yangu ndani ya lundo la pamba. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa, kwa hiyo sitasingizia utoto.

Tulikuwa tunachambua pamba kwa mama mkubwa, hapa hapa Segese, kabla mgodi haujafunguliwa. Masanja, mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani, alikuwa akija pale kila alasiri. Kwao alikuwa haongei. Kwa mama mkubwa alikaa, akashika pamba na yeye, maneno yakamtoka kidogo kidogo. Siku hiyo alimtaja rafiki yake aliyemwacha porini, akalia kwa sauti. Na mimi nilikuwa nimeshabonyeza kitufe cha kurekodi.

Kesho yake nikawafungulia wenzangu kaseti hiyo kule lamboni, tulikokuwa tukichota maji. Mmoja akasema, "Mwanajeshi gani huyu, analia kama ndama!" Tukacheka, na mimi nikacheka. Kumbe Masanja analeta ng'ombe kunywa. Akaisikia sauti yake mwenyewe. Hakunigombeza. Aliwageuza ng'ombe, wakarudi na kiu yao.

Hakuja tena. Siku ya nne akaja mama yake. "Masanja hali chakula. Hafungui mlango. Naogopa, dada."

Mama mkubwa alinigeukia. "Umemfanya nini?"

Nikamweleza, kisha nikaongeza ujeuri: "Mbona na wewe kila Jumapili unamsimulia yule bibi wa kanisani habari zake?"

"Nilimwomba Masanja ruhusa, na jina lake silitaji. Naenda pale anionyeshe mimi nimekosea wapi katika kumsikiliza. Wewe ulienda kuchekesha watu. Chukua hiyo kaseti, umpelekee mwenyewe."

Nilipiga magoti mlangoni kwake mpaka akafungua. Aliipokea, akauvuta utepe wote, akautia motoni jikoni kwa mama yake.

Pamba ilikwisha kuuzwa ndipo akarudi kwa mama mkubwa. Alisimama mlangoni, akaniangalia mikono. Nikainyoosha, mitupu. Akakaa. Tangu siku hiyo, kila alipofika nilimwonyesha mikono kwanza, ndipo nikamwamkia.

Sasa wewe kazi yako ni hiyo hiyo ya mama mkubwa, kuwasikiliza walioumia moyoni, ila unaongea na wanajeshi wako kwa simu. Juzi, simu yako ikichaji kwenye sola yangu, ulisema umemrekodi mmoja ili mkubwa wako wa kazi asikilize, akusahihishe. Nikakuuliza, anajua? Ukasema utamwambia.

Hapana, mwanangu. Kusahihishwa usiache kabisa, maana maumivu ya watu yatakuelemea, na peke yako huwezi kuona ulipokosea. Lakini ruhusa inaombwa kabla ya kubonyeza. Mpigie leo. Mwambie ulichofanya, na sauti hiyo aamue yeye. Akisema futa, futa, usimbembeleze. Akikutukana, pokea, mimi nilipiga magoti na sikufa. Na usiongee naye hapa jikoni nikisonga ugali. Mimi ni bibi yako, lakini masikio ninayo.

Nakupenda, ndiyo maana nakusema. Mungu akupe moyo wa kungoja mlangoni mpaka mtu afungue mwenyewe. Na huyo mtoto wa watu, huko kambini aliko, kila akipokea simu yako ajue mikono yako ni mitupu.