Harufu ya Supu ya Kichwa

Juzi pale Wheaton, huku Amerika, niliona plagi ikining'inia mbele ya gari kuukuu la dizeli, nikaziba pua.

Baba alikuwa na gari kama hilo tulipokaa Riverdale Park. Wakati wa baridi lilikataa kuwaka mpaka injini ipashwe moto, kwa hiyo alipitisha waya wa stima dirishani mwa jikoni na kuchomeka hita ya injini tangu asubuhi. Mimi niliamini kuna kitu anachopika humo ndani.

Alasiri moja tulikuwa tukimpeleka mama kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hatukufika mbali, matundu ya hewa yakaanza kutoa harufu niliyoijua vizuri: manyoya yakiungua, kama pale mjomba wangu wa Manassas anapochoma kichwa cha mbuzi kabla ya kukitengeneza supu. Nikameza mate.

"Baba, supu imeiva?"

Mama aliziba pua kwa skafu. "Baba Njeri, simamisha gari."

Baba alifungua boneti. Panya mnene aliyefuata joto la hita alikuwa amegandamana na bomba la moshi, upande mmoja manyoya, upande mwingine mkaa, mafuta yakimchuruzika. Baba akambandua kwa kile kifaa cha kukwangulia barafu kiooni.

Mpaka leo mjomba akinipa supu ya kichwa nasema nimeshiba. Yeye hudai naringa kwa kuwa nimekulia Amerika. Sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilimeza mate mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshamwona panya.