Mpishi Asiyekula Samaki Wake

Siku niliyoripoti kazini Ifakara, Bwana Afya Mkuu hakunipa kalamu wala fomu. Alitazama viatu vyangu vilivyong'aa, akatikisa kichwa.

"Utakwenda kukagua migahawa na viatu vya harusi?" aliuliza. "Kanunue kandambili. Wiki hii yote ule mjini, ununue mjini, unyoe nywele mjini. Usimwambie mtu kazi yako. Na kila unachopewa, kitilie shaka."

Hivyo ndivyo nilivyoujua mji huu, tofauti na vijana wa leo wanaoitwa maafisa afya mazingira na kukagua wakiwa na simu mkononi. Sisi tulikuwa mabwana afya tu, na chombo chetu cha kwanza kilikuwa pua. Nilikodi baiskeli nikazunguka Mlabani hadi Viwanja Sitini, nikisimama kila palipofuka moshi wa kuni. Nilitafuna pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa hadi uwe bapa, huku nikichungulia kama kinu kimeoshwa. Buchani nilitafuta mhuri, alama ya wino inayoonyesha kwamba nyama imepita kwa mkaguzi. Paja moja lenye mhuri lilining'inia siku tatu bila kukatwa. Nyama iliyouzwa ilitoka chini ya meza.

Nilipopeleka taarifa hiyo, mkuu alifurahi, akanipa kanuni niliyoibeba hadi nastaafu.

"Sufuria inaweza kukudanganya," alisema. "Mwangalie mpishi saa nane mchana, wateja wakipungua. Anakula nini? Mpishi anayeagiza chakula kwa jirani anajua kitu ambacho wewe hukijui."

Nilihamishiwa Mang'ula, kisha Mlimba, na kanuni ile haikuniangusha. Mlimba nilimkamata mpishi aliyepasha maharage yaleyale siku tatu huku yeye akila mihogo ya kuchoma. Nilisifiwa. Ila shaka ikishakuingia haibaki ofisini. Hata nyumbani nilisubiri mke wangu aanze kula ndipo nami ninawe mikono. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Nilirudishwa Ifakara nikiwa mkubwa wa kitengo, miaka michache kabla ya kustaafu. Wakati huo mgahawa uliojaa kuliko yote pale Mlabani ulikuwa wa Mama Festo, mjane mwenye asili ya Mahenge, mpole, asiye na maneno mengi. Wali wake na kambale wa moshi viliwatoa watu hospitalini, sokoni na kwenye mashine za kukoboa mpunga. Chumba kilifagiliwa, vyombo vilianikwa kichanjani, cheti cha kupimwa afya kilibandikwa ukutani. Kwa mtu kama mimi, usafi wa namna hiyo nao ulitia shaka.

Nikamvizia saa nane. Siku ya kwanza alikula wali mtupu na chumvi. Siku ya pili, mlenda kutoka kwa jirani. Wiki mbili nilikaa kwenye kona ileile, sikumwona akionja hata mchuzi. Chumvi alionjewa na mwanamke aliyeuza pepeta mlango wa pili. Nikasema moyoni, huyu nimempata.

Ningeweza kumwita pembeni. Badala yake nilisimama mgahawa ukiwa umejaa, nikatoa kitambulisho.

"Shikamoo, bwana afya," alisema.

"Marahaba. Mama Festo, mbona wewe huli samaki wako?"

Vijiko vilisimama. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Sili samaki wa mto huu, bwana."

"Kwa nini? Wana nini?"

"Hawana kitu. Mimi tu sili."

"Unawapa watu kitu ambacho mwenyewe hukitii mdomoni?"

Nikachukua sampuli ya kupeleka maabara, nikamwaga sufuria nzima kwenye shimo la taka na kumwandikia katazo, yaani karatasi ya kufunga biashara hadi majibu yatoke. Kabla sijafika ofisini habari ilikuwa kwenye simu za bodaboda wote: Mama Festo hali chakula chake.

Majibu yalichukua wiki mbili. Samaki walikuwa safi kabisa. Nilipopeleka barua ya kumfungulia, nilikuta mlangoni mzee mvuvi aliyekuwa akimletea kambale. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujitetea, kwa nini mama huyu asile samaki.

"Wewe unaishi hapa na hujui?" alisema. "Festo mwanawe alikuwa mvuvi mwenzangu. Mtumbwi ulipinduka masika, tukamtafuta mpaka tukachoka. Hatukumpata. Kwetu, mto ukimbakiza mtu wenu, hamli tena samaki wake. Utajuaje wamekula nini? Kuuza anauza, wajukuu wale watakula nini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Miaka yote ile nilikuwa nimefundishwa kutazama mdomo wa mpishi, na swali la "kwa nini" nililiuliza mara moja tu, mbele ya watu, kwa namna ambayo mama yeyote asingeweza kulijibu.

Nilimwomba radhi. Alisema, "Yameisha, bwana afya," akapokea barua. Nikaanza kula pale kila mchana nikiwa na sare ili watu wanione. Wateja hawakurudi. Walichungulia, wakaulizana, wakapita. Wiki ya tatu, fundi baiskeli mmoja aliuliza kwa sauti kutoka mlangoni, "Mama, leo unakula na wewe?"

Mama Festo akaweka upawa chini. Akamega kipande cha kambale, akakitia mdomoni mbele yetu sote, akatafuna, akameza. Fundi akaingia, na wengine nyuma yake. Mimi nilishindwa kumaliza sahani yangu.

Nimestaafu sasa. Vijana wa ofisini wakinijia kuomba siri za kazi, nawapa ile ya mhuri. Ya mpishi siwapi. Naishi Viwanja Sitini, na mara kwa mara nakwenda kula Mlabani. Wateja wa siku hizi wengi ni wageni, hawajui kilichotokea, na hakuna anayemtazama. Bado kila mchana, kabla ya kupakua sahani ya kwanza, Mama Festo anasimama mbele ya meza, anamega kipande cha samaki, anakitafuna na kukimeza. Kisha ananigeukia na kuuliza kama leo nitakula wali au ugali.