Kiti cha Kupigia Soga

Saa tatu asubuhi, karakana ya kuchomelea vyuma bado haina mteja, lakini fundi amekwishalowa jasho. Anasukuma kiti cha magurudumu kilichobeba gunia la mchanga, naye anatembea ubavuni mwake, si nyuma. Kiti kinakwenda hatua nne, kinapinda, kinamgonga goti. Mlangoni, mkewe anaangua kicheko.

"Hilo gunia lingekuwa mimi, ningeshadai talaka," anasema.

Majirani humwita Fundi Kimya. Ana miaka hamsini na minne, na maneno yake ya siku nzima yanahesabika. Akikubali huinua nyusi, akikataa hukuna kidevu. Mkewe, fundi cherehani, ni kinyume chake kabisa. Kwa miaka ishirini na saba waliendana vizuri, mmoja akisema, mwenzake akijibu kwa uso.

Kisha mke akaanguka ngazini na kuumia uti wa mgongo, mume akahamia nyuma kusukuma kiti.

"Miaka miwili nimeongea na upepo," mke anasimulia. "Nauliza, kimya. Kumbe mwenzangu huko nyuma anainua nyusi!"

"Nilikuwa najibu," fundi anajitetea.

"Ulikuwa unaujibu mgongo wangu, baba watoto."

Watu nao hawakusaidia. Muuza duka alikuwa akimuuliza fundi, "Mgonjwa anakunywa soda gani?" wakati mgonjwa mwenyewe ana mdomo wa kuwatosha watu watatu.

Siku moja fundi aliona mabomba chakavu kando ya barabara, akafunga breki, akaenda kuyakagua. Mkewe hakujua. Aliendelea kutoa ya moyoni, kwamba anaogopa iko siku mumewe atachoka kumsukuma. Alipomaliza, sauti ngeni ikamjibu, "Pole sana, mama. Ila mwenyewe yuko kule kwenye vyuma." Alikuwa abiria anayesubiri basi.

Pale alicheka. Nyumbani alilia, akamweleza mumewe yote, akaapa hatoki tena na mtu asiyemwona uso. Ikapita miezi minane bila kuvuka kizingiti.

"Hata kuongea aliacha," anasema fundi. "Nyumba ikawa na wakimya wawili. Mmoja nilitosha."

Ndipo akaanza kuunda kiti chenye mpini wa ubavuni. Cha kwanza kilizunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Cha pili alikiinua ili macho yao yalingane, akapitiliza. "Nilikuwa natazamana na upara," mke anasema. Hiki ni cha tatu, kimetokana na vyuma vya vitanda viwili vya zamani.

Fundi anafungua bolti, anayaunganisha magurudumu makubwa kwa mhimili mmoja ili yazunguke pamoja. Gunia linakwenda moja kwa moja hadi ukutani. Mke anatazama, anavuta pumzi.

"Haya, lishushe. Nipande mimi."

Barabarani kiti hakipindi. Mke anaanza na habari za mama yake, ghafla anakatiza.

"Kumbe mama akitajwa unakunja uso hivyo? Tangu lini?"

Fundi anakuna kidevu.

Dukani muuzaji anawatazama wote wawili, kisha anamuuliza mke anataka soda gani. Mke anaagiza mbili bila haraka.

Watu wanne wameshaulizia kiti hiki. Wa tano, mume wa mwalimu mmoja msemaji sana anayetumia kiti cha magurudumu, alikitazama sana, akauliza kama bado vile vya kusukumwa kwa nyuma vinapatikana. Fundi anatarajia kuunda kumi kabla ya mwaka kwisha.

Njiani kurudi, fundi ndiye anayeanza kuongea.

"Yale ya siku ile ningeyasikia mimi badala ya abiria, ningekujibu palepale."

"Ungejibu nini?"

"Sichoki," anasema kwa sauti, na abiria wote kituoni wanageuka.

Mke anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Wanafika njia panda, fundi anakata kushoto.

"Nyoosha," mke anamwambia.

"Nyumbani ni huku."

"Najua. Sijamaliza kuongea."