Neno la Siri la Mama Nondo

Mama Nondo aliingia kazi ya ujenzi bila kutarajia: alikuja kumletea kaka yake chakula, akashikishwa koleo la waya, basi, hakuliachia tena. Leo ndiye mkuu wa mafundi wa nondo, na kicheko chake hufika ghorofani kabla yake. Ana mkono wazi kupita kiasi. Kofia yake, maji yake ya kunywa, ukiomba unapewa.

Kampuni ilipoleta programu ya simu, ikawa zege halimwagwi mpaka yeye aidhinishe kwa neno lake la siri. Neno lenyewe akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo! Mtunza takwimu, binti mkimya ambaye mafundi walimbatiza Komeo, alilifuta. Mama Nondo akaliandika upya kwa herufi kubwa zaidi.

"Mwanangu, hapa sote ni ndugu," alimwambia. "Nani atamfanyia nani ubaya?"

Ubaya kweli hakuna aliyeukusudia. Siku moja gari la zege lilikuwa likisubiri, Mama Nondo yuko upande wa pili wa jengo, na nguzo ya ngazi bado haijafungwa ringi zote zinazoshika nondo. Fundi zege akaidhinisha kwa jina na neno la Mama Nondo, wakamwaga. Mkaguzi alipokuja na kifaa chake cha kupima nondo ndani ya zege, akakuta ringi zimepungua. Nguzo ikaamriwa ivunjwe, na jina lililoonekana ni la Mama Nondo. Msimamizi, ambaye hasira zake ziko karibu kuliko miwani yake, akamwambia afungashe virago. Fundi zege alikuwa palepale, ametulia kama maji mtungini.

Ndipo Komeo akafungua mdomo.

"Jina ni lake, lakini simu si yake," alisema, akamgeuzia msimamizi kompyuta. "Kila idhini inaonyesha simu iliyoituma. Hii imetoka kwa fundi zege. Kosa la mama ni kugawa neno, siyo kupitisha nguzo."

Fundi zege akainamisha kichwa, akakiri. Mama Nondo akapewa onyo, akalipokea kwa mikono miwili. Mtu uliyemfanyia kiburi akusimamie hivyo! Mpaka leo, ukimsema vibaya Komeo mbele yake, utatafuta pa kujificha.

Jioni ya siku ile Mama Nondo alikwenda ofisini kuweka neno jipya. Komeo alimwandalia simu, kisha akageuza kiti, akatazama ukuta.

"Mbona wanipa mgongo, mwanangu? Bado una hasira na mimi?"

"Hapana, mama. Hata mimi sitakiwi kulijua. Ni lako peke yako."

Mama Nondo alibaki na kidole hewani. Nyumbani hana sanduku ambalo watoto hawajalifungua, wala mkoba ambao ndugu hawajaupekua. Maisha yake yote, hakuna aliyewahi kugeuka pembeni ili yeye awe na kitu chake. Akaandika polepole, herufi mojamoja, machozi yakimtiririka kwa shukrani, na Komeo hakugeuka mpaka alipoambiwa.